Sabuni kwenye Pampu ya Maji

12 Februari

Kwako kitindamimba wangu,

Hujambo, mwanangu? Kikohozi kimekuacha? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo sasa nalihesabu kama mpangaji aliyekataa kuhama.

Nakuandikia kwa sababu ukiwa chini ya gari simu hupokei. Gari la marehemu baba yako lilianza kudondosha maji pale mbele, tone tone, kila asubuhi kidimbwi uwani. Unanijua mimi na uchafu. Nikafungua boneti, nikatafuta, nikakiona: kitundu kidogo chini ya pampu ya maji. Nikakata kipande cha sabuni, nikakifinyanga, nikaziba. Kimya! Wewe umesomea ufundi miaka miwili, mimi nimetumia dakika tano. Mwalimu anastaafu miguu, kichwa hakistaafu.

Basi Jumamosi ya wiki ijayo nakuja nalo. Gereji yako ina miaka minne na sijaikanyaga, maana nilitaka uwe mfamasia, na ubishi nimerithi kwa bibi yako. Watu wakiniuliza huku, huwaambia unashughulika na “mambo ya mashine.” Nakuja nijionee.

Mama yako

16 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Goti lipe pole.

Mama, umefanya nini jamani! Hicho kitundu kimewekwa makusudi. Ndani ya pampu mna sili inayozuia maji yasifike kwenye beringi. Ikichoka, maji hutokea hapo ili mwenye gari ajue mapema. Ukiziba, yanaingia kwenye beringi, pampu inakwama, injini inachemka mpaka inakufa. Toa sabuni leo hii. Gari usiliwashe. Usije.

Nimetuma pampu mpya na gasketi yake, ile karatasi ngumu ya kuziba maungio, kwa basi la mizigo. Maelezo yamo ndani ya boksi, mpe fundi yeyote wa huko. Nisamehe kwa ufupi, kazi zimenibana.

Kitindamimba wako

19 Februari

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima. Boksi limefika. Nimekuelewa: nisije.

Mama

8 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo, na ya pili, na ya tatu. U mzima? Goti je? Tangu ile barua yako fupi nimekosa raha. Simu hupokei, na jirani yako ananiambia tu, “Yupo, ana shughuli uwani.” Shughuli gani wiki tatu?

Nilipoandika “usije” niliogopa gari likuzimikie njiani ukiwa peke yako. Mama, miaka minne nakungoja wewe. Gari lolote likipunguza mwendo langoni, nachungulia, mpaka mafundi wangu wananicheka. Njoo kwa basi, njoo kwa miguu, njoo ukiwa umenuna. Njoo tu.

Kitindamimba wako

13 Machi

Mwanangu,

Marahaba zote tatu. Hujambo? Unakula? Mimi mzima, na goti nitalieleza mbele.

Nilinuna, sikufichi. Nilinuna siku nne nzima. Ya tano nikafungua boksi, nikakuta maelezo yako, kurasa mbili na mchoro. Nimesahihisha insha miaka thelathini na miwili, sijaona kazi iliyonyooka namna ile. Nikajiambia, mtu akishaelezwa hivi, fundi wa nini tena?

Nikamwita jirani, yule fundi baiskeli, anisaidie kwa nguvu tu, akili ninayo. Injini ikiwa ya baridi tukamwaga maji ya rejeta kwenye karai, tukatoa mkanda na feni. Ulisema bolti hazilingani urefu, basi nikachora pampu kwenye kadibodi na kila bolti nikaichomeka mahali pake. Moja ilikuwa imeota kutu, ikatula wiki nzima. Gasketi ya zamani nayo ilishika kama ukoko wa sufuria. Fundi baiskeli akasema, “Mwalimu, hapo panatosha.” Nikamjibu kwamba wewe umeandika pawe laini kabisa, na mimi kazi ya kulipua sijui.

Kisa ni kufunga bolti ya chini ya pampu mpya. Imejificha, mkono haupiti. Nikatandika gunia, nikalala chali na goti langu hili, spana ikateleza mara ya sita, nikalia kwa hasira. Nikiwa hapo hapo chini nikakuwaza. Wewe ndiyo kazi yako kila siku, tena hulalamiki, na mimi mama yako naona haya hata kuitaja. Nilikosea, mwanangu. Nilikosea miaka minne. Nisamehe.

Ile bolti ilikubali siku ya pili. Tukajaza rejeta, tukaacha injini iungurume nusu saa. Mshale wa joto umetulia katikati, na chini pakavu.

Mama yako

22 Machi

Mwanangu,

Nipo gerejini kwako. Nimeambiwa umetoka kulijaribu gari la mteja. Nimefika salama, mshale haukucheza safari nzima. Wamenipa kigoda na maji ya kunywa, wana adabu mafundi wako, ila yule mrefu afagie vizuri pale pembeni.

Naandika kwa sababu nikikuona nitashindwa kusema. Nimekaa saa nzima naangalia. Kila spana ina mahali pake ukutani. Kijana akikwama, mwenzake anamuuliza, “Bosi alisemaje?” na wote wanakumbuka. Nimefurahi, mwanangu. Nimefurahi mpaka najishangaa.

Yule mrefu amekuja na kalamu, akauliza gari lina tatizo gani. Nikamwambia halina. “Sasa mama, wewe ni nani, na tukusaidie nini?” Nimemjibu kwa sauti ya darasani, hata waliokuwa chini ya magari wakatoa vichwa. Nilivyomjibu ndivyo ninavyotia sahihi hapa.

Mama wa Fundi