Sauti ya Mbuzi Chini ya Leso

Wanja wangu,

Huku Kalimoni tu wazima, na guka, babu yako, amepona kikohozi. Unauliza ufanye nini wakikucheka darasani eti ukisoma unalia kama mbuzi. Hata mimi kaka zangu waliniambia hivyo, nikawa sisemi mbele ya watu.

Siku ya ruracio yangu, mahari ilipoletwa kwetu, wasichana tulifunikwa leso, tukakatazwa kusema, ili guka yako amtambue mchumba wake mwenyewe. Akanyoosha mkono kwa binamu yangu. Nikaropoka, "Wewe! Si huyo!"

"Ni huyu!" akapaza sauti, akinirukia. "Mbuzi kama huyu ni mmoja tu!"

Wazee walitutoza faini huku wakicheka.

Sasa guka anakuomba umpigie Jumapili, umsomee ukurasa mzima.

Cucu yako