Kimkia cha Sahihi ya Waziri

Jumatatu, 3 Machi

Nimeipata! Barua ya Waziri kutoka ng'ambo, na bahasha yake. Muhuri wa posta unasomeka wote: 14 Juni, mwaka ule wa kamatakamata. Muuza makaratasi chakavu kaniapia hana nyingine – mwongo yule, kila wiki hana nyingine. Sasa albamu ina sahihi zake thelathini na mbili.

Mama mdogo kaniona nikiikodolea macho, akasonya. Eti nafuga nyoka ndani. Mumewe alichukuliwa mwaka ule, hakikurudi hata kiatu chake. Ana haki ya kusonya. Lakini mtu aliyegonga mihuri posta miaka thelathini akusanye nini, vipepeo?

Alhamisi, 6 Machi

Muuza makaratasi kanifuata hadi mlangoni. Ana amri ya kumweka mtu kizuizini, na bahasha yake isiyo na stempu – enzi zile waziri alitia sahihi kwenye kona tu, posta ikapitisha bure. Nikasoma jina. Baba mdogo! Nimenunua bila kubishana, hata yeye kashangaa.

Machozi yamenisaliti, mama mdogo kajua. Hataki kuisoma leo. Jumapili, kasema, akishamwogesha mama yangu, mgonjwa wetu, avae miwani, auone vizuri mkono uliomuua mumewe.

Ijumaa, 7 Machi

14 Juni. Muhuri wa bahasha ya amri, wa hapahapa mjini. Na siku hiyohiyo Waziri yuko ng'ambo! Nikajua nimeuziwa feki. Nikamtukana yule muuzaji, peke yangu chumbani, matusi yote niliyojaliwa.

Kisha nikatoa albamu nzima na lenzi. Mikono miwili tofauti imetia sahihi! Sahihi tisa zina mikwaruzo, kama ya barua ya ng'ambo. Zilizobaki zote ni laini, na mwishoni kimkia kinachorudi nyuma. Amri ya baba mdogo nayo ina kimkia.

Nakijua kimkia hicho. Kipo kwenye ripoti zangu zote za shule, penye sahihi ya mzazi.

Mama alikuwa katibu muhtasi wa Waziri miaka kumi na mmoja. Ee Mungu wangu, nisiwe sahihi.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mdogo alipokwenda sokoni nikamuuliza mama. Hakukana. Waziri alipiga simu, akasema tia sahihi, iende leo. Alikuwa akimtilia kila siku – pongezi, rambirambi, chochote. Nikamuuliza, na jina hukuliona?

Akageuzia uso ukutani. Halafu: nililichapa mwenyewe. Alidhani ni wiki mbili tu, shemeji atatoka. Na aliyekataa, kasema, kesho yake lilichapwa jina lake.

Nimemchukia. Kisha nikamfuta mate kidevuni, maana nani mwingine angemfuta?

Mama mdogo karudi na machungwa. Kamenya, katoa kokwa, kamlisha kipande kimoja kimoja, huku akimtania kwamba anadeka kama bibi harusi. Kila siku hivyo, mwaka wa sita huu. Nikatoka nje.

Jumapili, 9 Machi

Nimesema ile amri siioni. Uongo wa kitoto, kwa umri huu! Mama mdogo kasema nitafute tu. Amengoja miaka arobaini na minne, hatashindwa na nusu saa.

Nimejifungia. Amri mapajani, kiberiti mezani. Nikichoma, atalala salama. Nikichoma, nitakuwa nimetia sahihi na mimi.

Nawasikia ukutani. Maji ya kuoga yanamwagwa. Mama anasema usimhangaishe mtoto, mkono huo nitakuonyesha mimi. Mama mdogo anacheka – wewe, hata kijiko kinakushinda? Mama hacheki. Anataka kalamu na karatasi.

Mama mdogo ananiita. Kalamu, mgonjwa anataka kalamu! Ananiita tena. Ndala zake ukumbini, zinakuja, hana haraka.

Anagonga. Anasema fungua basi, mwanangu, leo dada yangu kachangamka, tusimvunje moyo.

Kalamu ndiyo hii ninayoandikia.