Niliyomwambia Bhoke

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba baridi ya Makete isiwe imekurudishia maumivu ya magoti. Mimi huku Ikoma ni mzima wa mwili. Nimeona niandike, maana kwenye simu ningelia, nawe usingelala.

Unamfahamu Bhoke, muuguzi mwenzangu niliyekuwa nakaa naye nyumba moja. Mwezi uliopita tulipelekwa Mugumu kwenye semina ya wahudumu wa afya, ya kupunguza msongo wa mawazo. Nilidhani ni maneno matupu. Mwalimu alitukalisha kimya, tukafumba macho, tukafuata pumzi ikiingia na kutoka.

"Wazo likija, usipigane nalo. Litazame, kisha urudi kwenye pumzi."

Mama, tangu mzazi mmoja anifie mikononi kwa kutokwa damu akijifungua, siku ile ndiyo mara ya kwanza mabega yangu kushuka.

Kisha tukakaa wawili wawili, tuambiane yanayotulemea. "Ya humu yanabaki humu," alisema mwalimu. Nikamwambia Bhoke ambayo sijawahi kumwambia mtu: kwamba mzazi akipiga kelele, mikono yangu hufa ganzi, kwamba siku moja nilijifungia stoo mpaka yeye akamzalisha mama mmoja peke yake. Alinishika mikono, akalia nami.

Wiki mbili baadaye mganga mfawidhi wa kituo chetu akaniita. Alijua yote, hata habari ya stoo. Akanitoa wodi ya wazazi, akaniweka dirisha la kadi. Usimamizi wa wodi akapewa Bhoke.

Jioni nilimkuta anasonga ugali.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Je, siku ile ya stoo yule mama angekufa?"

"Si ungeniambia mimi kwanza?"

"Ningekuambia, ungekubali kutoka?"

Nilikusanya nguo zangu, nikapanga chumba kwingine.

Huenda alifanya sawa, mama. Wazazi wale wanahitaji mikono isiyokufa ganzi. Lakini wiki mbili nzima tulikula sahani moja, akinitazama usoni, asiniambie kitu.

Nimeomba mshauri, mganga mfawidhi amekubali; kila Alhamisi naenda Mugumu kuongea na mshauri huyo. Na kila asubuhi nakaa kitandani, nafuata pumzi kama tulivyofundishwa. Yule marehemu sasa akinijia mawazoni naweza kumtazama. Akija Bhoke, nanyanyuka.

Nisalimie baba mdogo, na dada Neema na kichanga chake. Mwambie asiache kliniki. Mwenyekiti wa kwaya mwambie nakumbuka sauti zenu.

Jumapili Bhoke atakupigia, kama kawaida yake. Mpokee tu, wewe hajakukosea. Ila akiuliza mwanao anaendeleaje, mwambie mzima, uishie hapo.

Ni mimi mwanao,
Tumaini