Mlio wa Datsun ya Baba

Jumatatu, 2 Julai 1984

Hili sijamwambia mtu, hata Mama: sauti ya Baba imeanza kunitoka. Idi nzima nimejaribu kuikumbuka akiita "Mwahija!" kutoka uani. Haiji. Lakini mlio wa Datsun yake ninao. Ikikata kona ya msikiti tu, Mama alianza kupakua chakula. Jumapili mchana, magari yakishakatazwa barabarani na serikali ili kubana petroli, Baba aliiosha, kisha akaiacha ingurume kidogo — eti ipumue. Mimi kiti cha nyuma, nasoma.

Sasa kaka Maulidi anataka kushindana nayo Saba Saba, kwenye kiwanja cha ndege cha zamani, dhidi ya gari la Pijo la Masele, mwenye mashine ya mpunga. Rafiki yake Valerian, fundi wa mgodi wa almasi kule Songwa, amerudi kutoka masomoni Ulaya na mitambo miwili ya gesi ya naitrasi. Ni gesi ile ile ya kuchekesha wanayovutishwa watu wakitaka kung'olewa jino! Ikiingia kwenye injini, petroli inaungua kwa nguvu zaidi. Maulidi anasema gari litashinda huku linacheka.

Kijitabu cha maelekezo ni cha Kiingereza. Ndiyo maana nimeitwa mimi.

Jumanne, 3 Julai

Nimesoma mpaka macho yanauma. Mtambo wa kwanza unapuliza gesi peke yake. Wa pili una mabomba mawili, la gesi na la petroli, zote mbili zinaingia pamoja. Gesi ikizidi petroli, pistoni inatoboka. Nikachagua wa pili. Nilisema — na Maulidi akakubali! Valerian akasema nina akili za kizungu. Mama akamjibu kwamba ni za marehemu.

Jeti, vile vipua vya shaba vyenye tundu la kupimia gesi na petroli, tumefunga ndogo kabisa.

Alhamisi, 5 Julai

Majaribio alfajiri, baridi bado. Maulidi akabonyeza kitufe cha gesi. Gari likakohoa, basi. Mshale wa kipimo kwenye mtungi wa gesi ulikuwa chini. Jirani yetu Makoye, mpiga ngoma, alicheka mpaka akaketi. Akasema hata ngoma zao huota moto kabla ya mashindano, ngozi ikaze. Mtungi nao uanikwe!

Nikafungua kijitabu. Kweli: gesi ikipata joto inasukuma zaidi. Tangu hapo Makoye ananiita Mwalimu.

Ijumaa, 6 Julai

Mtungi umeanikwa asubuhi nzima. Baada ya sala ya Ijumaa, kitufe — Datsun iliruka! Vumbi, watoto wanakimbia nyuma, Maulidi anapiga usukani kwa furaha.

Ila mlio haukuwa wa Baba. Mkavu, kama chuma kinatafunwa.

Walipofungua plagi nikaichukua. Kijitabu kinataka rangi ya chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeupe kama jivu. Joto limeongeza gesi, petroli imebaki ile ile. Nikamwambia Maulidi tuweke jeti kubwa ya petroli, au mtungi ukae kivulini. Akasema nyeupe ndiyo usafi, mimi nisome, yeye aendeshe. Nikamrudishia plagi. 

Baba akisikia mlio umebadilika alisimama papo hapo. Hata porini njia ya Segese, hata abiria wakilalamika.

Jumamosi, 7 Julai. Saba Saba

Naandikia garini, kiti cha nyuma, mahali pangu. Jua kali. Mtungi ulikuwa juu ya bati tangu asubuhi, sasa uko kwenye buti, na mshale umevuka alama nyekundu.

Masele anatania kwa sauti kwamba Maulidi ameleta dawa ya mganga kwenye chupa. Uwanja mzima unacheka.

Nilimwendea Makoye, maana Maulidi hanisikii.

"Kaka, ngoma ikiachwa motoni sana?"

"Inapasuka, Mwalimu."

Akautazama mtungi. Kicheko kikamwisha. Akaenda kumshika Maulidi mkono, wakanong'onezana. Maulidi akaukwapua mkono wake: arudi nyuma mbele ya watu wote hawa?

Boneti ilikuwa wazi. Nikachomoa waya wa kitufe. Bila huo haipiti gesi, wala petroli yake ya ziada; injini inabaki na petroli ya kawaida. Nikaingia ndani, nikaukalia.

Maulidi akafunga boneti, akaja, akawasha. Ule mlio! Wa kona ya msikiti, wa Jumapili mchana. Nikamnyooshea waya begani.

"Kaka, sauti ya Baba nimeisahau. Nimebaki na hii tu."

 Anautazama waya kwenye kioo. Masele anapiga honi, mwenye bendera anatuita kwa mkono. Maulidi hajaondoa gari, hajazima.

Nimeufunga waya kwenye pindo la ushungi. Nimehamia kiti cha mbele; tukiondoka, ni kwa mlio huu huu. Nimefunga mlango.