Silinda Ulizochonga Wewe

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, pamoja na haya ya mtu aliyenyamaza muda mrefu kuliko inavyofaa. Natumaini nyote hamjambo, wewe na wifi, na huyo mtoto ambaye sisi tumesikia habari zake tu, kwamba ana masikio yako na hataki kabisa kulala mchana. Mimi ni shangazi yake, lakini shangazi gani huyu asiyejua hata sura ya mtoto wa kaka yake? Mbusu kwa niaba yangu, na umwambie nakuja na deni la kumbeba.

Huku tunaendelea vizuri. Mama hajambo, ila goti la kushoto linamsumbua kila mvua ikikaribia, na amelifanya kuwa redio ya mtaa: akisema leo hakuna kuanika, majirani wote wanaanua nguo. Baba naye yupo. Kichwa kimekuwa cheupe chote na mikono inatetemeka kidogo, kwa hiyo nati ndogo ananiachia mimi, yeye amebaki na masikio. Ukimletea injini anafumba macho, anaisikiliza, halafu anakutajia ugonjwa wake. Gereji ni ile ile, milango miwili ya bati na kidimbwi cha oili chafu pale mbele ambacho kila mteja mgeni lazima akikanyage. Mimi nimepaka rangi ukuta wa nyuma. Zaidi ya hapo hujapitwa na kitu.

Habari zako nilizipata kwa yule muuza vipuri tuliyezoea kumwita Kidevu. Alinieleza kwamba amekukuta kwenye gereji kubwa ya malori, na siku hizi wewe ni fundi wa breki. Alipokuuliza kama bado unachonga silinda, ulicheka ukamjibu kwamba mkono umeshasahau. Kaka, neno hilo halikunitoka kichwani. Ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu mkono huo nimeukuta tena juzi, na haukuwa umekosea popote.

Niruhusu nianzie mahali ambapo familia yetu haipendi kuanzia. Unaikumbuka ile pikipiki ya magurudumu manne ya Kimbunga, dereva wetu wa mashindano, yenye injini ya silinda mbili inayochanganya oili na petroli. Ulijifungia chumba cha nyuma na tupa na msasa, ukayapanua matundu ya zile silinda kidogo kidogo, na mimi nikikushikia taa huku nikilalamika mkono unaniuma. Ulikuwa ukiniambia nipitishe kidole kwenye kingo nione kama kuna mahali panakwaruza. Baba akaifunga injini. Siku ya kuijaribu, pale kwenye mteremko wa machimbo ya mchanga, injini ilijifunga ghafla, pistoni zikashika, magurudumu ya nyuma yakakwama, na Kimbunga akarushwa akavunjika mguu. Tuliporudi, Baba alisimama mlangoni mwa gereji mbele ya wateja akasema kwamba una tamaa ya tupa, kwamba umechonga mpaka umeharibu, na kwamba mtu angekufa kwa ajili ya ujuaji wako. Uliweka tupa mezani, ukanawa mikono kwa sabuni ya unga, ukaondoka. Mpaka leo sijui kama ulitegemea mtu akufuate. Mimi nilitaka kukufuata, nikaogopa.

Mashine ile ilibaki pembeni, imefunikwa turubai. Nikimwuliza Baba tuifanye nini, ananiambia niiache. Basi miezi michache iliyopita Kimbunga mwenyewe akaja. Anachechemea, amenenepa, ana shamba huko kwenye vilima vya mchanga ambako gari haliwezi kufika, na alisema anaitaka mashine yake ifanye kazi ya heshima sasa, kubeba mbolea na miche. Baba alianza kumwambia kwamba imeshakufa. Kimbunga akacheka, akasema hata yeye walimwambia hivyo hospitali. Halafu akanigeukia mimi akaniomba nisizitupe silinda zako, kwa sababu kabla haijamrusha, ile mashine ilimpa raha ambayo hajawahi kuisahau. Nikakubali kazi. Baba akatoka nje.

Nikaifungua. Nakiri nilitegemea kukuta matundu makubwa kama midomo ya wapiga domo, maana ndivyo tulivyoaminishwa miaka yote. Pistoni moja ilikuwa imekwaruzika vibaya, lakini nyuma yake, kuta za silinda zilikuwa safi, kingo zako laini vilevile. Nikafanya ulivyonifundisha: nikaviringisha karatasi ndani ya silinda, nikaisugua kwa kidole chenye masizi mpaka matundu yakajichora yenyewe, nikaitandaza mezani nikapima. Wewe unajua, lakini acha niseme kama ninavyomweleza mteja. Katika injini hizi pistoni ndiyo mlango. Ikishuka inafunua tundu la moshi kwanza, halafu yale ya hewa na mafuta, na ikipanda inayafunga. Kwa hiyo fundi hachongi tundu kwa kupendezwa nalo. Anachonga kwa kufuata stroki, yaani safari ya pistoni kutoka chini hadi juu, na safari hiyo inaamuliwa na krenki, ule mhimili wa chini unaoisukuma. Ulikuwa umechonga kwa krenki ya stroki ya milimita hamsini na nne, ile iliyokuja na mashine. Nikapiga hesabu, nikairudia. Kwa krenki hiyo ulikuwa umepatia, Kaka. Umepatia kabisa.

Sasa kama silinda ziko sawa, injini ilijifunga kwa nini? Hapo ndipo nilipoangalia chini ya silinda nikakuta bamba la alumini, limekatwa kwa mkono, limewekwa kuziinua. Mtu haweki bamba kama hilo bila sababu. Analiweka pistoni ikiwa inagonga kichwa cha injini. Nikaizungusha krenki kwa mkono na kuipima safari yake, chini hadi juu. Hamsini na nane! Nikafuta kipimo kwa shati, nikapima upya. Hamsini na nane ile ile. Haikuwa krenki uliyochongea. Ilikuwa ndefu kuliko hiyo, na kwa safari ndefu hivyo tundu la moshi lilikuwa linafunguka mapema mno na kuchelewa kufungika. Injini ilipiga kelele tamu, ikachemka, ikashika. Hata malaika angechonga zile silinda, zingejifunga.

Krenki ulikuwa huigusi wewe. Aliyeinunua na kuifunga alikuwa Baba.

Sikumwambia siku ile. Nilijifanya mafua ndiyo yamenitoa machozi. Kidevu akaniletea krenki ya hamsini na nne, nikaweka pistoni mpya na beringi mpya, nikalitoa lile bamba, na silinda zako sikuzigusa hata kwa msasa. Baba alikuwa akipita nyuma yangu bila kuuliza, na unamjua, yeye hata ukikaza tairi la baiskeli lazima atoe maoni.

Tukaipeleka kule kule machimboni. Kimbunga alikataza nisipande mimi wala mtu mwingine, akasema mguu huu ndio unaodai, basi ndio utakaoenda. Mama alikuja na kiti chake. Kaka, injini ilianza na ule mngurumo wa chini unaoujua, halafu ikafika mahali pake ikapanda, safi, bila kukohoa, na Kimbunga akakipanda kilima chote kama mtoto aliyetoroka shule. Akashuka mteremko ule ule. Akapanda tena. Mama alikuwa anapiga makofi na kumtukana kwa furaha. Nikageuka nimwone Baba. Alikuwa amefumba macho, na kabla Kimbunga hajazima mashine akaanza kutembea peke yake kurudi gereji.

Nilimkuta ameketi kwenye benchi. Nikaiweka ile krenki ya zamani mezani, na bamba pembeni yake, nikamwambia nimepima na nimekuta hamsini na nane.

Akasema, "Najua."

Nilidhani hajanisikia. Nikarudia. Akaniambia, "Mwanangu, najua. Niliipima mwenyewe wiki ile ile aliyoondoka kaka yako."

Akanieleza yote, polepole, akiangalia mikono yake. Krenki ya mwanzo ilikuwa imechakaa, akanunua nyingine iliyofanana nayo, hakuipima. Pistoni zilipogonga, akaamini wewe umechonga sehemu ya juu ya silinda kupita kiasi, akakata bamba na kulipachika, huku akikulaani kimoyomoyo. Ulipoondoka aliifungua injini ili akusanye ushahidi dhidi yako. Akapima. Akaifunga tena na kutandika turubai. Siku ya kwanza kiburi kilimzuia kukutafuta, alisema, na baada ya hapo ni aibu ya kuchelewa, na kila mwaka ulipopita aibu ikawa nzito kuliko kosa lenyewe.

Nilimwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mzazi, na sitayaandika hapa. Hakujitetea. Mama alipojua hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Baba zaidi. Alimwandalia chakula kama kawaida, akakiweka mezani, akaenda kula jikoni. Aliendelea hivyo mpaka Baba alipokwenda kwa Kimbunga kumweleza, halafu Jumamosi moja, gereji imejaa, akasimama mlangoni pale pale alipokutolea yale maneno. Alisema mwanawe alichonga sawa, yeye ndiye hakupima, na kwamba alijua akanyamaza. Watu hawakujua waangalie wapi. Mmoja alijifanya anatafuta spana chini ya gari.

Alipojua nataka kukuandikia, akaniomba niandike na kwa niaba yake. Alisema kalamu inamkimbia vidoleni, tena akianza yeye ataanza kujitetea. Akanisisitizia niandike kama ilivyo, nisikivike kitu chochote nguo. Nimeandika, na hajaisoma.

Lakini barua hii, Kaka, sikuitia posta. Muulize mlinzi wa getini kwenu nani kamkabidhi. Atakuambia ni mzee mmoja mwenye koti la kahawia aliyekataa kuingia. Yuko nje, upande wa pili wa barabara, na hatavuka usipomwita. Amesema usipotoka atapanda gari la jioni arudi, na hatakulaumu, wala mimi sitakulaumu. Nakuomba kitu kimoja tu. Kama moyo hauko tayari leo, usiulazimishe. Lakini mpelekee maji. Ametoka nyumbani alfajiri, na unajua hajui kuomba.

Mama anakusalimu mno, na amesema chumba cha nyuma kimefagiliwa. Kimbunga anakusalimu kwa miguu yote miwili. Wifi na mtoto uwape pendo langu lote.

Ni mimi mdogo wako,
yule yule uliyempa jina la Nati