Sitaki, Alisema Thoya

Agneta, nimetoka kwa bibi Kache huko Bofu sasa hivi. Nimekaa kando ya barabara, siwezi hata kupanda gari.

Kumbe bibi alikuwa na kaka. Thoya. Alirudi kutoka vita vya Burma mwaka wa arobaini na sita, akawa anasikia wenzake waliokufa wakimwita. Akinywa tembo, wananyamaza. Likimtoka kichwani, wanarudi kwa wingi.

Daktari akasema aache ulevi kwanza, hizo sauti zitatazamwa baadaye. Mganga akasema koma, mizimu ya wazee wa ukoo, wamekasirika. Wamwagiwe tembo, na Thoya anywe nao wapatane.

Anywe nao, Agneta.

Siku ya kutambika, Kache alikuwa ameketi ubavuni mwake. Thoya akaisukuma kata ya tembo, akasema taratibu, "Sitaki. Hili ndilo linaloniua."

Kache akamgeukia baba yao. "Baba, hataki. Amesema mwenyewe."

"Anayekataa si Thoya," baba akajibu. "Ni koma hao, bado hawataki kupatana."

Wakamshika. Wakamnywesha.

Bibi anasema tangu kaka yake arudi kutoka vitani, hiyo ndiyo siku pekee aliyomsikia Thoya mwenyewe akisema.