Nywele za Msiba wa Bonifasi

Mkotokuyana, Nachingwea
9 Julai 2006

Kwa mdogo wangu Tabitha, Narung'ombe, Ruangwa.

Mimi kaka yako Eusebio sasa nina miaka themanini na moja, na kama padre aliyeandika cheti changu alikosea, basi alinipunguzia. Wazungu wa mradi wa Karanga walikuja na matrekta yao wakaondoka, mimi nipo. Gari moshi la Nachingwea nililiona likiingia mara ya kwanza, tena nikaiona reli yake iking'olewa, mimi nipo. Nimehamishwa kijiji mara mbili, nimezika wake wawili na mtoto mmoja, na meno yote yamekwenda isipokuwa manne, na hayo manne yanatafuna korosho. Nimeanza hivyo ili ujue kwamba anayekuandikia ni yule yule, hajalainika.

Habari za Narung'ombe? Magoti yako yanakuachia ulale? Binti yako Winfrida na yule mwanawe hawajambo? Nasikia huko kwenu mvua ilikata mapema, lakini ufuta umewapa. Sisi huku wazima. Mihogo ipo, mbaazi zimebeba vizuri, na Rabia, mjane wa marehemu mwanangu Bonifasi, anakusalimu sana. Ananiambia niandike neno "sana" mara mbili. Sana.

Usicheke herufi zangu zinavyolala. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, leo siku ya nne, na sikumpa mtu aniandikie maana yaliyomo si ya kupita mdomoni kwa mtu. Kisomo cha watu wazima nilikuwa wa kwanza darasani. Aliyekuwa wa pili ameshakufa, kwa hiyo hakuna wa kubisha.

Tabitha, ni miaka minane hatujasalimiana. Wewe unajua ilivyoanza, lakini nataka niisimulie upya, kwa sababu watu wa hapa wanaisimulia kwa kufuata nilivyowaambia mimi, na mimi niliwaambia vibaya.

Unakumbuka ule wembe wangu wa kukunja, wenye mpini wa pembe, niliopewa na Mzungu wa Karanga nilipokuwa nikimfulia. Kwa wembe ule nimenyoa misiba yote ya ukoo wetu tangu kabla ya uhuru. Mkotokuyana yote na nusu ya Ruponda vichwa vyao vimepita mikononi mwangu, na hakuna aliyewahi kupiga kelele. Desturi ya nyumba yetu unaijua: siku ya arobaini anaanza mjane, wanafuata dada wa nyumba, wanafuata wengine kwa umri, na mnyoaji ananyolewa wa mwisho kabisa, na anayemnyoa ni dada yake wa tumbo moja. Hapo ndipo msiba unaisha.

Bonifasi alikufa mwaka tisini na nane kwa ugonjwa ambao sote tuliujua na hakuna aliyeutaja. Tulisema kifua. Tulisema amerogwa huko Mtwara alikokuwa kibarua. Lakini chini chini kila mtu alikuwa anajihami kwa namna yake. Wake za ndugu zetu walimtengea Rabia kikombe chake cha bati na sahani yake, wakaviweka peke yake juu ya banda. Hakuna aliyekalia kigoda chake. Mmoja alikuwa akipokea mkono wake kwa ncha za vidole, kisha anakwenda kuvisugua kwa majivu. Nami niliona, nikanyamaza, nikajiona mwenye busara kuliko wote kwa sababu nilikuwa nakaa mbali naye hatua tatu na kumwita mwanangu.

Basi ikafika arobaini. Nilimnyoa Rabia nyuma ya nyumba, peke yake, kama desturi inavyotaka. Kisha nikatoka uani na wembe wangu, watu wamekaa mstari mmoja mkekani, vichwa kumi na vitatu, nikakuita wewe. Wewe hukuinama. Ulifungua pindo la kanga yako ukatoa nyembe tatu za dukani, mpya, zimo kwenye karatasi zake. Ukasema moja yako, moja ya Winfrida, moja ya mtoto wa Winfrida, na kwamba huko Narung'ombe watu wa afya walikuja wakawafundisha, na kwamba unaniheshimu lakini wembe wangu hautagusa ngozi ya mtu wako.

Nilikuuliza kama umekuja kunizika mimi au Bonifasi. Nilikuita mwanamke wa mikutano. Wazee wakacheka, nikapata nguvu, nikaongeza na mengine ambayo sitayaandika kwa sababu karatasi ni ndogo. Ukaniacha nimalize. Ukasema neno moja ambalo mpaka leo nikikaa peke yangu nalisikia:

"Kaka, kikombe cha Rabia mnakiogopa, wembe wake mnaupangia foleni."

Hakuna aliyecheka tena. Mimi nikaukunja wembe, nikauingiza mfukoni, nikakwambia usikanyage uwanja wangu mpaka nife. Ukawachukua watu wako mkaondoka kwa miguu kuelekea Ruponda kutafuta lori, na uji wa arobaini hamkuuonja. Hukugeuka nyuma. Najua, kwa sababu nilikuwa naangalia.

Ulipoondoka, mmoja akanyanyuka, wa pili akanyanyuka, wakaenda dukani kwa Salimu. Akawauzia nyembe mpaka boksi likaisha, ikabidi wengine wanyolewe kesho yake. Tangu siku hiyo hakuna msiba hapa ulionyolewa kwa wembe mmoja. Na mimi, Tabitha, baada ya mwaka nikaanza kusema kwamba sheria ile niliitoa mimi. Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema, "Nimeamua, kila kichwa na wembe wake." Watu wa afya walipokuja kutoka mjini wakanisifu, wakanipa fulana nyeupe yenye maandishi, wakanipiga na picha. Nimeivaa miaka sita mpaka shingo imelegea. Aliyeniuliza habari yako nilimwambia uliondoka kwa kiburi.

Sasa Rabia. Mwaka juzi aliugua, akakonda, tukadhani tunamfuata Bonifasi. Nesi Munira wa zahanati akampeleka hospitali ya Nachingwea, akapimwa, akakutwa nao. Wakamwanzishia vidonge. Sikuamini vidonge, nilishaanza kuhesabu mbao za jeneza kichwani. Leo ungemwona usingemjua. Mashavu yamerudi, analima kuliko mimi, na ananigombeza kuliko mama yetu alivyokuwa. Mungu ashukuriwe, na aliyevitengeneza ashukuriwe, na Munira ashukuriwe aliyekuwa akija kwa baiskeli kuhakikisha amevimeza.

Nilimwuliza Munira vitu vyote, kimoja kimoja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kikombe? Hapana. Sahani? Hapana. Mkono, kigoda, choo, nguo? Hapana, hapana, akawa anacheka. Wembe wenye damu? Akaacha kucheka. Akasema si kila mara, lakini si kitu cha kuchezea. Siku hiyo hiyo nilikwenda juu ya banda nikateremsha kile kikombe cha bati, nikanywea chai yangu. Tunakula sahani moja sasa, Rabia na mimi, na ana mkono mwepesi, mboga zote anazimaliza yeye.

Hapa sasa ndipo siku nne zilipokwenda. Nimechana karatasi tatu kwa ajili ya maneno haya.

Siku ile ya arobaini, nilipokuwa namnyoa Rabia nyuma ya nyumba, mkono wangu ulitetemeka. Ulikuwa umeshaanza kutetemeka tangu mwaka wa nyuma, nikawa naficha. Nilimkata nyuma ya sikio. Nikashtuka, wembe ukateleza ukanikata mimi kidole gumba. Damu yake na damu yangu zote zilikuwa kwenye chuma kile. Nikaupangusa kwenye suruali, mara moja tu, kwa sababu mmekaa mnasubiri na sikutaka kuonekana mzee aliyeshindwa. Nikatoka uani. Nikakuita wewe. Nilijua, Tabitha. Sikuwa mjinga wa jambo lile kama nilivyojifanya. Niliona aibu ya mkono wangu kuwa kubwa kuliko roho yako, na ya Winfrida, na ya mtoto yule aliyekuwa bado ananyonya.

Ulipotoa nyembe zako, moyo wangu ulishuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ile hasira niliyokutolea ilikuwa ya kujifunikia. Nilikufukuza ili nipate sababu ya kuukunja wembe.

Miaka minane nimeogopa kidole changu. Nilidhani hakuna aliyejua. Mwezi uliopita Rabia alikuwa anapepeta mbaazi, akasema bila kuniangalia, "Baba, siku ile ulijikata. Niliona. Nenda ukapime." Kisha nikavaa fulana yangu nikaenda. Munira alitaka kidole cha kati, nikampa kidole gumba kile kile, akasema chochote kinafaa, nikamwambia huyu ndiye mwenye kesi. Majibu yalipotoka alinisomea mara mbili. Sina. Nikiwa na miaka themanini na moja nililia mbele ya msichana wa watu.

Kwa hiyo nakushukuru. Sijui kuliandika neno hili likatosha. Nakushukuru kwa uhai wenu watatu, ambao ningeweza kuuharibu, na kwa kuniaibisha mbele ya watu wangu siku ambayo nilihitaji kuaibishwa. Jumapili iliyopita nilisimama baada ya sala nikawaambia watu sheria ya wembe ni ya Tabitha wa Narung'ombe. Wembe wa Mzungu nimeuzika shambani, na fulana Rabia ameifua, inakusubiri wewe.

Lakini fulana si kitu nilichotaka kukwambia. Siku ile nani alininyoa? Hakuna. Dada yangu alikuwa njiani kuelekea Ruponda. Tangu hapo nywele nazipunguza kwa mkasi, watoto wananiita Rasta nami nawaambia ni mtindo, lakini wembe haujagusa kichwa changu. Wenzangu wote walishaondoa msiba wa Bonifasi. Mimi bado nimeukalia.

Njoo, mdogo wangu. Njoo na Winfrida na mtoto. Nimenunua wembe, uko kwenye karatasi yake, sijaufungua, na sitaufungua mimi.

Wasalimie wote hapo, wakubwa na wadogo, na jirani yako yule mkorofi kama bado yupo hai. Kama yote haya utayaona ni majigambo yangu ya zamani, usiniulize mimi. Majibu yangu muulize nesi Munira, nimempa ruhusa akwambie. Nywele zangu muulize Salimu wa dukani, anaziona kila asubuhi. Na kidole, muulize Rabia. Yeye aliona.

Ni mimi kaka yako,
Eusebio